Kupandisha kaliba ya bastola ndogo: mtutu mpya hautoshi

Mwenye bastola ndogo ya milimita 9 akiuona mtutu wa kaliba (upana wa ndani) .40, yaani inchi 0.40 au karibu milimita 10, unauzwa peke yake, hesabu yake huwa fupi: toa huu, tia ule, umepata bastola yenye nguvu zaidi kwa bei ya kipande kimoja. Anachosahau ni kwamba mtutu ndicho kipande chepesi kuliko vyote kubadilisha. Vile vinavyobeba kishindo cha kila risasi, yaani slaidi (sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele kila risasi ikifyatuka), fremu (kiunzi chenye mpini), springi na magazini, vimebaki vilevile.

Tazama kwanza kitako cha ganda. Ukingo wa nyuma wa ganda la 9×19, yaani risasi ya kawaida ya milimita 9, una upana wa milimita 9.96 hivi, wa .40 S&W (jina kamili la risasi ya .40) unakaribia 10.8. Tofauti haifiki hata milimita moja, na ukiyaweka maganda mawili mezani huenda usiione mpaka uyasimamishe bega kwa bega. Lakini uso wa slaidi, pale ganda linapoegemea wakati wa kufyatua, umechongwa kwa kipimo cha ganda lake. Ganda nene haliwezi kupanda kwenye uso huo na kuingia chini ya ndoano inayolivuta, kwa hiyo slaidi inagoma kufunga. Hapo ndipo wengine hushika tupa. Tupa inakula chuma mahali pale pale ambapo chuma kinahitajika kuliko kwingine kote kwenye slaidi, na kipande kilichoondolewa hakirudishwi.

Kwa sababu hiyo njia ya kuteremka ipo na ya kupanda haipo. Bastola ya Glock 23, ambayo ni ya .40, hukubali mtutu wa milimita 9 uliotengenezwa mahsusi kwa slaidi yake, wenye kuta nene zinazojaza nafasi ya mtutu wa zamani. Glock 19, ya milimita 9, ina umbo karibu sawa na hiyo 23, hata mfuko wa kiunoni ni mmoja. Kuipandisha kwenda .40 haiwezekani kwa mtutu tu, kwani uso wa slaidi ni mwembamba na slaidi yenyewe ni nyepesi.

Wepesi huo si jambo dogo. Chukua risasi ya milimita 9 yenye kichwa cha gramu 7.5 kinachotoka kwa mita 360 kwa sekunde. Uzito kwa kilo ukizidishwa kwa mwendo unapata takriban 2.7. Kichwa cha .40 cha gramu 11.7 kikienda mita 300 kwa sekunde kinafika 3.5, yaani asilimia 30 zaidi, bila kuhesabu msukumo wa gesi ya baruti. Slaidi yenye uzito uleule itarudi nyuma kwa kasi iliyoongezeka kwa kiasi hichohicho. Nishati inakua kwa mraba wa kasi, hivyo kishindo kinachoifikia fremu kinaongezeka kwa karibu asilimia 70. Bastola ndogo haina pa kukificha: njia ya slaidi ni fupi na springi ni fupi.

Dalili zake zinajulikana. Maganda yanarushwa mbali kuliko kawaida. Fremu inapata alama za kugongwa mbele ya magazini. Slaidi inarudi mbele kabla springi ya magazini haijaiinua risasi inayofuata, kwa hiyo chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) inafungwa tupu na mpigaji anasikia "kli" pale alipotarajia mlio. Dawa inayopendekezwa haraka ni springi ngumu zaidi. Inapunguza kishindo cha kurudi nyuma, ni kweli, lakini inaongeza kishindo cha kurudi mbele, inaifanya slaidi iwe ngumu kuvuta kwa mkono, na inaikaba bastola ukitumia risasi dhaifu kidogo. Umehamisha tatizo, hujalitatua.

Watu wengi hudhani .40 inabana gesi kuliko milimita 9. Sivyo. Kwa viwango vya SAAMI, taasisi ya viwanda vya silaha na risasi ya Marekani, zote mbili zina ukomo wa pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Kinachozidi kwenye .40 ni uzito wa kichwa na upana wa kitako kinachosukumwa. Shinikizo lenyewe linapanda kwenye risasi nyingine, .357 SIG, yenye ukomo wa 40,000.

Badiliko lisilofaa kabisa ni la .380, risasi fupi na dhaifu zaidi, kwenda 9×19. Linavutia kwa sababu vichwa vina kipenyo karibu kimoja na maganda yanatofautiana urefu kwa milimita 2 tu, 17 dhidi ya 19. Lakini ukomo wa .380 ni 21,500. Ukiingiza 9×19 umeongeza shinikizo kwa zaidi ya asilimia 60. Bastola nyingi za .380 hazina kufuli kati ya mtutu na slaidi: uzito wa slaidi na nguvu ya springi ndivyo pekee vinavyochelewesha chemba kufunguka. Kwa risasi yenye nguvu kuliko ile iliyokusudiwa, chemba hufunguka gesi ikiwa bado na shinikizo kubwa, ukuta wa ganda unapasuka, na gesi inatafuta njia kupitia magazini na mkono wa aliyeishika. Usifanye, hata fundi akikuambia inawezekana.

Lingine linalofanyika kwa mtutu peke yake ni .40 kwenda .357 SIG. Risasi hii ilitoka mwaka 1994, miaka minne baada ya .40, na kitako cha ganda lake kina kipimo kile kile. Shingo tu imebanwa ishike kichwa cha milimita 9. Magazini ya .40 mara nyingi huzilisha bila shida. Hata hapo soma mwongozo wa mtengenezaji wa bastola yako: kama modeli hiyo haikuwahi kuuzwa kwa .357 SIG, uliza kwa nini kabla ya kununua. Na ujiandae kwa mlio mkali zaidi na mwako mkubwa mdomoni mwa mtutu.

Baada ya kubadilisha, hatari kubwa iko kwenye boksi la risasi. Risasi ya milimita 9 ikiingia kwenye chemba ya .40 inaweza kushikwa na ndoano na kufyatuka. Ganda linachanika na kichwa kinapita ovyo kwenye mtutu mpana. Mwenye mitutu miwili kwa bastola moja asiweke aina mbili za risasi kwenye meza moja. Asome maandishi kwenye mtutu na kwenye kitako cha ganda kila anapojaza magazini.

Okota maganda yako na uyakague. Tumbo lililovimba juu kidogo ya kitako linaonyesha kuwa chemba hailishiki ganda pale penye mlango wa kulisha risasi, au kwamba shinikizo limezidi. Mstari mwembamba wa mpasuko ni sababu ya kuacha kupiga siku hiyo hiyo. Linganisha pia risasi iliyoingizwa chemba mara kadhaa na mpya ya boksi lile lile: ikiwa fupi, kichwa kimezama ndani ya ganda, nafasi ya baruti imepungua na shinikizo litapanda. Usiipige.

Nchi zinazofuata kanuni za C.I.P., tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha, hudai silaha ijaribiwe upya kipande kinachobeba shinikizo kikibadilishwa; kwa bastola jaribio hilo hutumia risasi zenye shinikizo la asilimia 30 juu ya ukomo. Kwingine kaliba imeandikwa kwenye leseni, na kuibadilisha bila kibali ni kosa hata kama bastola inafanya kazi vizuri.

Kuhusu faida yenyewe, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilihamia .40 miaka ya 1990, kisha mwaka 2016 ikatoa mkataba wa bastola za milimita 9. Vichwa vya kisasa vinavyopanuka vimeziba sehemu kubwa ya pengo, na teke dogo humrudisha mpigaji kwenye shabaha mapema zaidi. Kwa bastola ndogo tofauti hiyo ya teke ni kubwa kuliko kwa bastola nzito. Fedha ya mtutu wa pili ikinunua risasi nzuri za kaliba uliyonayo, pamoja na masaa kwenye uwanja wa shabaha, matokeo yataonekana kwenye karatasi ya shabaha kabla boksi la pili halijaisha.