Kreatinini Kupanda Si Ugonjwa Sugu wa Figo

Wenye mbwa hapa Nairobi, kuanzia Karen hadi Kasarani, siku hizi huambiana: "Wangu ana ugonjwa sugu wa figo, hatua ya 4." Ukiuliza alipimwa lini, unaambiwa jana, mara moja, damu tu.

Ugonjwa sugu wa figo ni uharibifu wa figo usioponyeka, uliodumu kwa takriban miezi 3 au zaidi. Kazi kubwa iko katika kuuthibitisha.

Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli, na figo huitoa kwa njia ya mkojo. Ikipanda katika damu, inakueleza kwamba leo haitolewi ipasavyo. Haikuelezi sababu, wala tatizo lilianza lini. Mbwa aliyetapika hadi akaishiwa maji mwilini huweza kuipandisha ilhali figo zake ni nzima. Akiwekewa dripu, inashuka. Dume aliyezibwa njia ya mkojo na mawe huipandisha pia. Naye aliyeambukizwa leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria, labda kwa kunywa maji yenye mkojo wa panya, anaweza kufikia kiwango cha kutisha kwa siku chache, na huyo akiwahiwa anaweza kupona. Hapa ndipo panaponiuma. Mwenye mbwa akisikia "sugu" anakata tamaa, na mnyama aliyehitaji matibabu ya haraka anarudishwa nyumbani kufa, au anachomwa sindano ya mwisho.

Ndiyo maana mkojo upimwe, tena uchukuliwe kabla ya dripu. Mbwa aliyeishiwa maji mwenye figo nzima hutoa mkojo mzito, kipimo cha uzito wake ukilinganishwa na maji kikizidi 1.030. Kikibaki kati ya 1.008 na 1.012 huku kreatinini iko juu, shaka inaelekea kwenye figo zenyewe. Hata hapo hujajua kama ni jambo la ghafla au la muda mrefu. Usugu hutambuliwa kwa historia ya kukonda polepole, kunywa maji na kukojoa kupita kawaida kwa miezi, na mara nyingi kwa figo zilizosinyaa katika picha ya ultrasaundi.

Hatua nazo zina masharti. Mpango wa IRIS, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa figo za wanyama, unaotumiwa na madaktari wa mifugo duniani, umepanga hatua 1 hadi 4 kwa mbwa ambaye ugonjwa wake sugu umekwisha kuthibitishwa, hali yake imetulia, ana maji ya kutosha mwilini, na amepimwa angalau mara mbili akiwa hajala. Hatua ya 2 huanzia kreatinini ya mikromoli 125 kwa lita, ya 3 ni zaidi ya 250, ya 4 ni zaidi ya 440. Kisha hupimwa protini kwenye mkojo na shinikizo la damu.

Katika hatua ya 1 kreatinini ni ya kawaida kabisa. Kwa hiyo kipimo kizuri nacho hakimtakasi mbwa, hasa mzee aliyekonda asiye na misuli ya kutosha kuzalisha taka hiyo.

Ukipewa karatasi ya kipimo kimoja, basi, sema kreatinini ya mbwa wako imepanda. Halafu muulize daktari kama mkojo umepimwa, na lini damu itarudiwa.