Mahindi yapo, mtoto hakui

Nilipopangiwa kazi ya lishe Iringa, ndugu zangu walicheka. "Huko kuna njaa gani?" Sikuwalaumu, maana Iringa ni kati ya mikoa inayoilisha Tanzania. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati wastani wa Taifa ni 30. Njombe na Rukwa, nazo za mahindi, zilikaribia nusu.

Januari moja nilimsimamisha kwenye ubao wa kupimia binti wa miaka miwili. Viatu nje, visigino vimegusa ubao, mimi nimeshika kidevu, mwenzangu anashusha kibao kichwani. Sentimita 78. Msichana wa umri huo hutarajiwa kuwa na 86 hivi. Akiwa chini ya 79.3 tunamwandika amedumaa. Bibi yake akanitazama nikiandika.

"Dokta, huyu kamfuata babu yake. Ukoo wetu ni wafupi."

Hilo nalisikia karibu kila wiki. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa viwango tunavyotumia, vilivyotoka 2006, lilifuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani walionyonyeshwa vizuri na kulelewa katika mazingira mazuri. Walikua karibu sawasawa. Ukoo una sehemu yake, ila katika miaka ile ya mwanzo chakula na maradhi vina nguvu zaidi.

Nikamuuliza mtoto alikula nini jana. Uji wa sembe asubuhi, ugali na mboga za majani jioni.

"Na katikati, bibi?"

"Mama yake yuko palizi."

Si shamba lake. Ni la mwenye ekari nyingi ng'ambo ya mto, mama anapalilia kipande kilichopimwa kwa hatua na kulipwa jioni.

Ukiniuliza umaskini wa mtoto wa kijijini unakaa wapi, nitakuonyesha hapo, kati ya uji wa asubuhi na ugali wa jioni. Tumbo la mtoto huyo ni dogo. Anatakiwa kula mara tatu au nne, na ndani yake kuwe na yai, maharage, maziwa, mafuta kidogo. Mahindi yanashibisha, lakini protini yake ni hafifu, na yakikobolewa kuwa sembe hupoteza kiini na pumba, penye madini na vitamini nyingi. Yakihifadhiwa na unyevu, sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, nayo inaingia. (Na uji wa nafaka kumi zilizosagwa pamoja na soya na karanga, ambao wengi hudhani unatosha, si dawa. Karanga huchacha upesi, na soya isiyoiva vizuri humsumbua mtoto tumbo.)

Kaya isiyo na akiba huuza mahindi Julai, bei ikiwa chini, ilipe deni la mbolea. Kufika Januari inayanunua hayo hayo kwa bei ya juu. Ndiyo maana mama anauza nguvu zake wakati shamba lake mwenyewe limejaa magugu. Jirani mwenye uwezo anaajiri vibarua, na mwanawe ana mtu wa kumlisha saa nne na saa nane. Kijiji kimoja, mahindi yale yale.

Takwimu za mapato hazioni jambo hili, kwa sababu zinahesabu kaya. Katika ripoti ya mwaka 2016 Ofisi ya Taifa ya Takwimu na UNICEF walipima kwa njia mbili: kwa kigezo cha fedha, asilimia 29 ya watoto nchini walikuwa maskini; walipohesabu anachokosa mtoto mwenyewe, kama lishe, maji, elimu, makazi, ikawa asilimia 74. Mimi naiamini zaidi hiyo ya pili, kwa sababu mtoto hashibi kwa wastani wa kaya.

Pale uani kulikuwa na kuku wanne. Mayai, bibi alisema, yanakwenda gulioni Jumamosi, yanaleta sabuni na chumvi. Nilikuwa nimekuja na somo la mayai kwenye begi. Sikulitoa.

Aliyembeba yule binti kumleta kwenye ubao alikuwa dada yake, wa miaka saba au minane, kanga imefungwa kifuani. Ndiye anayebaki naye mchana. Ilikuwa Jumanne, shule zimefunguliwa. Fomu yangu ilikuwa na safu ya umri, uzito, urefu na mzingo wa mkono, zote za mdogo wake.