Vindaloo haina mbatata, jamani

Juzi tena mteja kapokea oda yake ya vindaloo, ule mchuzi wa nyama wa Goa, India, kafunua, kakoroga na kijiko, kanipigia: "Dada, umesahau viazi." Sijasahau kitu!

Watu wakisikia "aloo" mwishoni mwa jina, na wanajua aloo kwa Kihindi ni kiazi, basi wameshamaliza hesabu. Jina halijatoka Kihindi. Wareno waliingia Goa 1510 wakakaa mpaka Desemba 1961, na walikuja na chakula chao kinaitwa carne de vinha d'alhos, yaani nyama iliyolazwa kwenye mvinyo na kitunguu saumu (na hili neno mvinyo hata sisi tumelitoa kwao). Vinha d'alhos ikatamkwa kigoa weee mpaka ikawa vindalho, halafu vindaloo, kwa hiyo hiyo "aloo" mnayoing'ang'ania ni saumu. Tena Wagoa kwa Kikonkani kiazi wanakiita batata, neno la Mreno hilohilo kama Zanzibar wanavyosema mbatata, sasa hiyo aloo wangeipatia wapi? Wapo wapishi kibao nje ya Goa wanatia viazi, watie tu, ila mimi msiniambie nimesahau.

Wengine wananiambia niache siki nikamulie ndimu. Hapana. Siki ndiyo iliyokalia nafasi ya mvinyo, na ya Goa inatokana na tembo la mnazi, kitu ambacho mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa. Tui pia hamna, ukitaka nazi agiza xacuti, mchuzi mwingine wa Goa.

Ati lazima ulie machozi? Huo mchezo wa migahawa ya Uingereza, wameipanga michuzi ya korma, madras, vindaloo kama ngazi za ukali. Ya Goa ni kali ndiyo, lakini unasikia kwanza uchachu, saumu, jira, mdalasini, karafuu, na pilipili kavu ya Kashmiri inakupa rangi zaidi kuliko moto.

Nyama ya asili ni nguruwe. Mbuzi anakubali vizuri, kuku pia ila masaa machache tu kwenye siki, akilala usiku kucha nyama inakuwa unga. Na tafadhali msiloweke kwenye sufuria ya aluminiamu, siki inaila, tumia bakuli la kioo. Ikishaiva iache ilale ndo inanoga, oda za Jumamosi mimi napika Ijumaa, kwa hiyo ukinipigia Jumamosi asubuhi niongeze mbatata umeshachelewa.