Je, wajua kwa nini chokoleti iliyopakwa kwenye biskuti hupauka?

Niliwahi kutupa trei mbili za biskuti nzima, zisizo na ubaya wowote, kwa sababu niliamini zimeota ukungu.

Ilikuwa Köln, Ujerumani, mwezi wa Februari. Msimu wa karnivali mjini humo hufunguliwa tarehe 11 Novemba, saa 5 na dakika 11 asubuhi, ila vurumai lenyewe huja siku za mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Gwaride la Jumatatu lilianza mwaka 1823, na walio juu ya magari huurushia umati peremende na chokoleti kwa tani. Majumbani, watoto huokewa Amerikaner: biskuti pana, laini kama keki, inayopinduliwa ili upande uliolalia trei ndio upakwe. Nusu hupakwa sukari nyeupe, nusu chokoleti. Wakati wa karnivali hugeuzwa nyuso za vichekesho, pipi za rangi zikiwa macho na pua.

Zangu nilizipaka usiku. Chokoleti niliiyeyusha kwenye mikrowevu mpaka ikawa ya moto kabisa, maana nilidhani ikiwa moto ndiyo inayong'aa. Trei moja niliiacha mezani. Nyingine niliitoa barazani ipigwe baridi, iwahi kuganda, kisha nikairudisha ndani. Kulipokucha zote zilikuwa zimeharibika sura: ya mezani ina michirizi ya kijivu, ya barazani kama imenyunyiziwa vumbi. Nikasema ukungu. Nikazibwaga pipani.

Hapa ndipo nilipokosea, na nimekuta wengi wanakosea papo hapo. Ukungu ni kiumbe hai na hauoti bila maji. Chokoleti kavu kwa kawaida haina hata gramu 2 za maji katika kila gramu 100, na sukari iliyomo huyashika hayo machache. Ukungu ungekufa kiu. Wengine husema "imepitwa na muda", lakini chokoleti iliyotoka kiwandani mwezi uliopita inaweza kupauka mchana mmoja tu ndani ya gari lililoegeshwa juani, na iliyopauka huliwa bila madhara. Kinachopungua ni ulaini wake mdomoni. Tahadhari ni moja: biskuti iliyo chini ya chokoleti ina maji yake, na ikiwa imejazwa jamu au krimu, ukungu wa kweli unaweza kuingia. Huo utauona una manyoya, mara nyingi wa kijani au mweusi, na harufu yake haifichiki. Huo tupa.

Basi ule weupe ni nini? Sisi tumezoea kuwa ngozi hupauka kwa kukosa mafuta. Chokoleti hufanya kinyume: hupauka kwa sababu mafuta yake yametoka nje.

Mafuta ya kakao, yakiganda, hujipanga kuwa fuwele, na ajabu yake ni kwamba yanajua kujipanga kwa namna sita. Ni mafuta yaleyale, ila mpangilio tofauti. Fikiria viti vya plastiki vya kukodi baada ya harusi. Vijana wakivipandanisha vizuri, kimoja ndani ya kingine, mia vinaenea kwenye kona ndogo na mnara hautikisiki. Wakivirundika ovyo kwa haraka ya kwenda kulala, rundo linajaa nafasi tupu, linaegemea huku na huku, na usiku kucha viti vinateleza kimoja kimoja kutafuta mahali pa kutulia. Hakuna kiti kilichoongezeka wala kupungua, lakini asubuhi rundo si lile uliloliacha.

Namna ya kwanza, iliyo legelege kuliko zote, huyeyuka kwenye nyuzi 17 hivi za Selisiasi. Ya nne huyeyuka karibu na 27. Ya tano, ndiyo viti vilivyopandanishwa, hustahimili hadi karibu 34: haiyeyuki vidoleni upesi, lakini mdomoni inasalimu amri. Ukiyeyusha chokoleti yote kisha ukaiacha igande inavyotaka, hupati ya tano peke yake. Unapata mchanganyiko, na zile legelege huanza kuhama kuelekea mpangilio ulio imara zaidi. Katika kuhama huko, mafuta yaliyo laini husogea hadi juu na kuganda upya kwa vifuwele vidogo vilivyosimama ovyo. Vifuwele hivyo havina rangi. Tunaviona vyeupe kwa sababu vinatawanya mwanga, kama barafu: bonge lake unaliona hadi upande wa pili, ukilisaga linakuwa jeupe.

Wapishi wa chokoleti hulizuia hilo kwa kuwapa vijana wa viti kielelezo. Chokoleti nyeusi hupashwa hadi nyuzi 45 hivi ili kila mpangilio wa zamani uvunjike, hupoozwa hadi 27 au 28 huku ikikorogwa, kisha hupandishwa tena hadi 31 au 32. Nyuzi hizo za mwisho zinatosha kuziyeyusha fuwele legelege na kuziacha zile za tano, ambazo huwa mfano kwa mafuta yanayofuata. Njia ya mkato ni kuchanganya vipande vya chokoleti ambayo haijayeyushwa ndani ya ile iliyoyeyuka na kuanza kupoa. Vipande vinakuja na viti vilivyokwisha pandanishwa. Mimi sikufanya lolote kati ya haya, na trei ya mezani ikanilipa.

Trei ya barazani ilikuwa na kisa kingine. Kitu cha baridi kikiingia jikoni penye mvuke hutoka jasho, kama chupa ya soda. Jasho hilo huyeyusha sukari iliyo juu ya chokoleti, na likikauka huiacha sukari kwa punje ngumu. Kwa hiyo Kiswahili kilinidanganya nusu tu, maana mvuke wa hewani, ule unaoleta ukungu wa alfajiri, ulihusika. Kuzitofautisha, sugua kwa kidole chenye joto: weupe wa mafuta hulainika na kupotea, wa sukari hubaki ukikwaruza.

Haya yote ni ya chokoleti yenye mafuta yake ya kakao. Zile za bei nafuu za kupaka keki, zenye unga wa kakao na mafuta mengine ya mimea, hazihitaji hesabu hiyo ya nyuzi. Na kwenye joto la Dar es Salaam la Februari, la nyuzi 31 au 32, chokoleti halisi hulegea mezani kabla hujamaliza kupaka.

Kuna jambo moja ambalo hata mpakaji hodari wa chokoleti halimwachi. Biskuti ina siagi, na siagi hupanda. Mwaka 2015, watafiti wa Hamburg walidondoshea chokoleti iliyosagwa matone ya mafuta, wakaitazama kwa eksirei zenye nguvu nyingi. Mafuta yalipenya kwenye vinyweleo vyake ndani ya sekunde chache, kama chai kwenye andazi, kisha taratibu yakaanza kuzivuruga fuwele. Hiyo ilikuwa chokoleti ya unga, si biskuti, kwa hiyo kasi ile usiichukue kama ilivyo. Hata hivyo, biskuti yenye siagi nyingi au karanga huipausha chokoleti yake mapema kuliko kipande kilichofungwa peke yake. Siku hizi Amerikaner huoka jana yake, chokoleti naipaka asubuhi ya sherehe.