Gofu ya ridhaa si gofu ya wasiojua

Sentensi yenyewe huja hivi: "Gofu ya ridhaa ina raha yake kutazama, maana wale wanakosea kama sisi." Nimeisikia redioni, nimeisikia klabuni, na majuzi nimeisikia kwa mtu ambaye mwenyewe anacheza na alipaswa kujua. Nia yake njema. Hataki watu waishie kuwatazama mabingwa wa kulipwa kwenye televisheni. Lakini hapo ameunganisha vitu viwili visivyo na undugu: hadhi ya mchezaji na kiwango chake.

Hadhi kwanza, kwa haraka. Mchezaji wa ridhaa ni yule ambaye, kwa kanuni zinazotolewa na R&A ya St Andrews, Uskoti, pamoja na USGA ya Marekani, vyombo viwili vinavyotunga sheria za gofu, hapokei zawadi inayozidi kiwango kilichowekwa, haingii mashindanoni kama mchezaji wa kulipwa, halipwi kwa kufundisha gofu (misamaha ipo, michache), wala hajaajiriwa kuwa profeshno wa klabu (mwalimu wa gofu anayelipwa). Basi. Hakuna kipengele kinachouliza unamaliza mashimo 18 kwa mikwaju mingapi (michache ndiyo bora). Profeshno ambaye kutwa nzima anafundisha watoto kushika fimbo, na hajashindana kwa miaka, ni wa kulipwa. Kijana wa chuo anayemshinda kwa mikwaju kumi ni wa ridhaa.

Nadhani tumelitoa kosa hili kwenye ndondi, maana neno lenyewe wengi wetu tumelizoea ulingoni. Ngumi za ridhaa ni raundi tatu na pointi. Ngumi za kulipwa ni raundi nyingi na mikanda. Bondia akitoka huku kwenda kule anahesabiwa kuwa amepanda. Gofu haikugawanyika hivyo. Mpira uleule, sheria zilezile, na mara nyingi wote wako uwanja mmoja siku moja. Masters, mojawapo ya mashindano makuu manne ya gofu, humwalika bingwa wa US Amateur, mashindano ya taifa ya wa ridhaa wa Marekani. Kenya Open hutoa nafasi kwa baadhi ya wachezaji wa ridhaa wa nyumbani. Hapa kwetu Tanzania, mashindano ya Lina PG Tour huwakutanisha wa kulipwa na wa ridhaa.

Halafu kuna neno "chipukizi", wanaloitwa wachezaji wa ridhaa. Hili linanikera zaidi, kwa sababu limo hata katika taarifa zilizoandikwa kwa makini. Stewart Hagestad wa Marekani, ambaye taaluma yake ni uchambuzi wa fedha, ndiye aliyefanya vizuri kuliko wachezaji wote wa ridhaa kwenye Masters ya 2017. Ameshinda US Mid-Amateur, mashindano ya wa ridhaa waliotimiza miaka 25 na kuendelea, mara tatu: 2016, 2021 na 2023. Miaka thelathini ameshaivuka na bado ni wa ridhaa. Anachipua kuelekea wapi? Na Bobby Jones je, mwanasheria wa Atlanta, ambaye mwaka 1930 alibeba Open na Amateur za Uingereza na za Marekani, zote nne, kisha akaacha mashindano akiwa na miaka 28 bila kuwa wa kulipwa hata siku moja? Huyo chipukizi gani?

Hata tafsiri ya kistaarabu zaidi, kwamba wa ridhaa "hachezi kwa ajili ya pesa", nayo imechakaa. Tangu Januari 1, 2022 kanuni zimelegezwa: mchezaji wa ridhaa anaweza kudhaminiwa, kuvaa nembo ya kampuni na kulipwa kwa tangazo. Kuna wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wanaoingiza fedha nzuri kwa jina lao na hadhi yao haijaguswa. Kilichobaki kukazwa ni zawadi za uwanjani. Mwisho ni dola 1,000, na fedha taslimu zinaruhusiwa tu katika mashindano yasiyotumia handikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na kiwango chake. Panapotumika handikapu, bahasha ya noti hairuhusiwi hata ikiwa nyembamba vipi. Wanaorudi nyumbani na birika la umeme kila mwezi sasa wanajua sababu. Kuna mwanya mmoja wa ajabu: ukitumbukiza mpira shimoni kwa mkwaju wa kwanza, lile gari lililoegeshwa pembeni na mdhamini ni lako, na bado wewe ni wa ridhaa. Sijawahi kukutana na mtu aliyenieleza mantiki yake nikaridhika, lakini ndiyo kanuni.

Kwa hiyo ukitaka kuona mpaka wenyewe ulipo, mtazame Nick Dunlap. Januari 2024, akiwa na miaka 20 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, aliingia kwenye The American Express huko La Quinta, California, mashindano ya PGA Tour, mfululizo mkuu wa gofu ya kulipwa Marekani, yenye watu wanaoishi kwa gofu. Alimaliza mikwaju 29 chini ya kiwango cha uwanja na kushinda kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Hakuna mchezaji wa ridhaa aliyekuwa ameshinda kwenye PGA Tour tangu Phil Mickelson mwaka 1991. Fedha ya mshindi, dola 1,512,000, ilikwenda kwa aliyemaliza wa pili, Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini. Dunlap hakuwa na haki ya kuigusa. Siku chache baadaye akatangaza kuwa wa kulipwa. Mkono wake haukubadilika wiki ile. Kilichobadilika ni nani angeruhusiwa kumwandikia hundi.

Haki itendeke pande zote: kwa wastani wa kulipwa ni bora, na tusijidanganye. Johnny Goodman, aliyeshinda US Open ya 1933, ndiye mchezaji wa ridhaa wa mwisho kutwaa mojawapo ya mashindano makuu manne ya leo. Walio bora huondoka kwenye ridhaa wakiwa vijana, kwa sababu kazi inalipa. Lakini "kwa wastani" haimaanishi kwamba unayemwona leo uwanjani hajui.

Sasa huo mvuto wa kutazama unatoka wapi, kama si makosa? Kwangu unatoka kwenye mfumo wa mashindano, jambo ambalo huwa halizungumzwi. Mashindano mengi ya kulipwa ni siku nne za kujumlisha mikwaju. Nusu ya kundi inaondoka baada ya siku mbili, na anayeshika nafasi ya thelathini bado anaondoka na hundi ya kutosha. Jumapili jioni utamwona mtu akiupitisha mpira mbali na maji kwa sababu mkwaju mmoja ukipotea atashuka nafasi nne na dola kadhaa. Ni busara, lakini haisisimui sana.

US Amateur, inayochezwa tangu 1895, imepangwa kwa namna nyingine. Wanaanza 312, mikwaju inajumlishwa siku mbili tu, wanabaki 64, na kuanzia hapo ni wawili wawili. Shimo likiisha anahesabiwa aliyelishinda, linalofuata linaanza upya. Ukipiga mikwaju minane umepoteza shimo moja, sawa na aliyezidiwa kwa mkwaju mmoja. Kwa hiyo watu wanathubutu. Anayefungwa anafunga mizigo, hana hundi ya kumfuta machozi. Fainali ni mashimo 36 kwa siku moja, na mtu anaweza kuongoza tangu asubuhi akaja kulizwa jioni.

Fainali ya 1996 pale Pumpkin Ridge, Oregon, inatosha kueleza. Tiger Woods alikuwa anatafuta ubingwa wa tatu mfululizo. Mpinzani wake Steve Scott, kijana wa Chuo Kikuu cha Florida, alibebewa fimbo na mchumba wake. Baada ya mashimo 18 ya kwanza Scott alikuwa mbele kwa mashimo matano. Yakiwa yamebaki matatu, alikuwa bado mbele kwa mawili. Kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka tundu) ya shimo la 34, Woods alikuwa ameisogeza alama inayoonyesha mpira wake ulipokuwa, isimzuie mwenzake, kisha akauweka mpira bila kuirudisha alama mahali pake. Angepiga pale, angelipoteza shimo kwa mujibu wa sheria, na fainali ingeishia hapo hapo na Scott bingwa. Scott akamuuliza kama ameirudisha. Woods akarudisha, akatumbukiza mpira, akashinda shimo hilo na lililofuata, wakamaliza 36 wakiwa sare, na ubingwa akauchukua kwenye shimo la 38. Scott akaja kuwa profeshno wa klabu.

Mle hakuna kosa "kama letu". Wale walikuwa vijana wawili wenye uwezo mkubwa katika mchezo ambao kosa moja la alama lingeweza kuumaliza. Raha iko hapo.

Na kama utabahatika kwenda mwenyewe, kuna la ziada: ukaribu. Kwenye Walker Cup, ambako timu za wa ridhaa za Marekani na za Uingereza na Ireland zimekuwa zikishindana tangu 1922, ni desturi watazamaji kutembea kwenye njia ya nyasi nyuma ya wachezaji badala ya kuchungulia kwenye kamba. Unamsikia mchezaji akibishana na kedi wake, mbeba fimbo, kuhusu upepo. Kwenye mashindano makubwa ya kulipwa, ukiwa umebanwa na watu safu ya tano, utasikia kelele na kuona kofia.

Ile raha ya kuona watu wanaokosea kama sisi ipo kweli, siibezi. Iko Jumamosi klabuni, divisheni C ya wenye handikapu kubwa, mtu anachimba mchanga wa banka mara nne huku wenzake wakihesabu kwa sauti, halafu jioni anachukua kombe kwa neti, yaani baada ya kupunguziwa handikapu, na kutoa hotuba ndefu kuliko mchezo wake. Hao nao ni wa ridhaa, hivyo jina moja linambeba yeye na linambeba Dunlap wa ile Januari. Kinachowatenganisha ni handikapu, ambayo kwa mfumo wa dunia ulioanza 2020 inafika hadi 54. Mtangazaji akitaka kutueleza kwamba mchezaji fulani bado anajifunza, atutajie handikapu yake, tutaelewa. Ridhaa itatueleza tu anachoruhusiwa kupokea.