Je, Wajua Kwa Nini Mapafu ya Mkimbiaji wa Nyika Hayagandi Kwenye Theluji?

Machi 24, 2013, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Bydgoszcz, Poland, juu ya theluji na barafu. Mbio za wanaume zilichukuliwa na Japhet Korir wa Kenya, kijana wa miaka 19, mdogo kuliko bingwa yeyote wa wakubwa aliyemtangulia. Kwa wanawake akashinda Mkenya mwenzake, Emily Chebet. Zikionyeshwa picha za mbio kama zile, za watu wenye kaptura wanaotoa mvuke mdomoni, swali huwa lilelile: mtu anavuta hewa ya barafu kwa nguvu namna hiyo, mbona mapafu hayagandi?

Hayagandi, wala hayakaribii kuganda, kwa sababu hewa hiyo haifiki huko ikiwa bado ya baridi. Pua, koo na bomba la hewa vimetandikwa utando wenye unyevu, na chini yake kuna mishipa mingi ya damu yenye joto la nyuzi 37. Hewa hupashwa moto ikiwa bado njiani. Hata mtu anapohema kwa mdomo, inapofika kwenye vifuko vidogo vya mapafu imeshakaribia joto la mwili. Wanaoteleza kwenye theluji kwa mbao miguuni hushindana mpaka kipimajoto kishuke chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ndipo sheria za mchezo wao zinapoamuru mbio ziahirishwe. Nao huhema kwa nguvu kama wakimbiaji.

Lakini imani hii haifi kirahisi, maana kwetu imechanganyika na nyingine ya zamani, kwamba baridi "huingia kifuani" na kuleta kichomi. Nimonia huletwa na vimelea, yaani bakteria, virusi na mara chache fangasi. Mtu haipati kwa sababu amekimbia asubuhi yenye umande. Wapo pia makocha wanaowaambia vijana wafunge midomo wapumue kwa pua ili kulinda mapafu. Ushauri huo unafaa kwenye mazoezi mepesi. Katika kasi ya mashindano hautekelezeki: mkimbiaji wa daraja la juu huhitaji lita 120 za hewa au zaidi kwa dakika, na pua haina nafasi ya kupitisha kiasi hicho.

Hata hivyo, anayesema kifua kinamuuma baada ya kukimbia kwenye baridi anasema kweli. Maumivu yapo, kikohozi kipo, na wengine hubanwa hadi wakatoa mluzi kifuani. Kinachowaumiza ni ukavu wa hewa, na hapo ndipo penye utamu wa jambo hili.

Chukulia hewa ya nyuzi sifuri ni kopo la lita moja lililojaa maji pomoni. Limejaa kweli, halina nafasi ya tone jingine. Sasa hewa hiyo inaingia kooni, inapashwa moto, na kopo linageuka ndoo ya lita tisa. Maji yaliyomo ni yaleyale, lita moja. Kopo lilikuwa limejaa, ndoo iko karibu tupu, na ndoo hiyo haishuki mapafuni mpaka ijazwe. Atakayeijaza ni nani? Ni ukuta wa koo na wa vijia vya hewa, unaotoa unyevu wake wenyewe. Kwa vipimo halisi, mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi sifuri hubeba gramu zisizofika 5 za mvuke, na ya nyuzi 37 hubeba karibu 44. Mkimbiaji akihema lita 120 kwa dakika kwa nusu saa, ndoo zake zitadai takriban mililita 140 za maji. Sehemu hurudi anapotoa pumzi, lakini nyingine hupotea kabisa, ndiyo ule mvuke unaoonekana kwenye picha.

Utando ukinyauka hivyo, majimaji machache yanayobaki juu yake huzidi chumvi. Seli hushtuka na kumwaga kemikali zinazofanya misuli midogo inayozunguka vijia vya hewa ikaze. Kifua kinabana. Wataalamu walibishana kwa muda mrefu kama kosa ni la ubaridi au la ukavu, na leo wengi wanaegemea ukavu. Sababu mojawapo ni kwamba maabara hupima tatizo hili kwa kumvutisha mtu hewa kavu yenye joto la kawaida la chumba, na mwenye tatizo hubanwa vilevile, hakuna theluji wala nini. Kitambaa kinachofunika mdomo na pua husaidia kwa njia hiyohiyo: hunasa unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha kwa inayoingia.

Kwa mwili mzima, baridi ni rafiki. Sehemu kama robo tatu ya nishati anayoichoma mkimbiaji hugeuka joto, na joto hilo lazima litoke. Kwenye jua kali damu hugawanywa, nyingine iende kwenye ngozi kupoza mwili badala ya kulisha misuli. Michezo ya Olimpiki ya Paris, 1924, wakimbiaji 38 wa nyika walianza mbio kwenye joto kali na 15 tu wakamaliza, kisha mbio hizo zikaondolewa kwenye Olimpiki. Kwenye mashindano ya dunia ya nyika ya Mombasa, 2007, fukuto la Pwani lilimtoa njiani Kenenisa Bekele mwenyewe, Mwethiopia aliyekuwa bingwa wa mara nyingi, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda.

Miguu ndiyo inayodhurika, hasa kabla ya mlio wa bastola. Misuli ikipoa kwa nyuzi moja tu, nguvu yake ya kusukuma kwa kasi hushuka kwa asilimia kadhaa, na mbio za nyika huanza kwa vurumai ya watu wote kugombea nafasi kabla njia haijawa nyembamba. Ndiyo maana suti za mazoezi huvuliwa dakika ya mwisho. Viatu navyo vina shida yake: misumari ya milimita 12 au 15 inayoshika vizuri kwenye tope haizami kwenye ardhi iliyoganda.

Na ile kauli kwamba Waafrika hawaiwezi baridi? Wanaume wa Kenya walichukua ubingwa wa dunia wa timu mara 18 mfululizo, 1986 hadi 2003, mara nyingi Ulaya mwezi Machi. John Ngugi alipata taji lake la tano Boston mwaka 1992 kwenye theluji. Iten, mji wa Kenya wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wengi, iko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya huko haina mzaha.

Baridi ya kuogopwa ni ile ya mvua na upepo, kwa kuwa maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Kwenye Boston Marathon ya 2018, nyuzi chache juu ya sifuri na mvua ikipiga usoni, bingwa mtetezi Geoffrey Kirui aliongoza kwa mbali kisha akapitwa na Yuki Kawauchi wa Japani karibu na mwisho. Gansu, China, Mei 2021, mvua ya barafu na upepo viliwaua washiriki 21 wa mbio za kilomita 100 milimani. Mwili uliolowa hustahimili mradi miguu inaendelea kuzalisha joto. Mkimbiaji akisimama, joto jipya hukoma na fulana mbichi huendelea kumpoza, kwa hiyo nguo kavu zinatakiwa ziwe zinamsubiri palepale kwenye utepe, si ndani ya basi.