Kunakili mashine pepe bila programu ya kununua

Ofisi ina seva moja, na ndani yake kuna mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa kama programu ndani ya seva) tatu au nne: ya malipo, ya mafaili ya ofisi, nyingine ya majaribio. Ndivyo tunavyokuta mara kwa mara shuleni, hospitalini na kwenye SACCOS. Maafisa TEHAMA wa huko hutuuliza swali lilelile: programu ya nakala rudufu inadai leseni kila mwaka na bajeti haipo, tufanyeje? Mnaweza kutumia zana zilizokuja na mfumo wenyewe, mradi mjue mnanakili nini na kwa wakati gani.

Ukiitazama kutoka kwenye seva inayoibeba, mashine pepe ni faili kubwa la diski pamoja na faili dogo la maelezo: prosesa ngapi, memori kiasi gani, kadi gani ya mtandao. Nitatumia mfano wa KVM, mfumo wa kuendesha mashine pepe ambao umo ndani ya Linux tangu mwaka 2007 na hauna leseni ya kulipia; tunauamuru kwa zana iitwayo virsh. Tuseme mashine yetu inaitwa malipo. Amri ya virsh domblklist malipo inakuonyesha diski yake iko wapi, na virsh dumpxml malipo > malipo.xml inakutolea maelezo. Wengi hunakili diski na kulisahau hilo faili dogo. Siku ya kurejesha wanabaki wakikisia diski iliunganishwa kwa virtio au sata (aina mbili za kuunganisha diski), na Windows iliyozoea aina moja inaweza kugoma kuwaka kwa nyingine. Mashine inayowaka kwa UEFI (mfumo wa kuwashia wa kompyuta za kisasa) ina faili la tatu pia, kwa kawaida ndani ya /var/lib/libvirt/qemu/nvram. Nalo lichukue.

Njia rahisi kuliko zote ni kuzima. Toa virsh shutdown malipo, kisha usubiri: amri hiyo inaomba tu, hailazimishi. Angalia kwa virsh list --all mpaka uone mashine imezima kweli, nakili diski kwa cp --sparse=always, halafu uiwashe tena. Kama ofisi inafungwa jioni na hakuna anayeingia kwenye mfumo usiku, sioni sababu ya kutafuta njia nyingine. Fundi mwenye haraka hutumia virsh destroy. Hiyo ni sawasawa na kuchomoa waya wa umeme, na nakala utakayopata itakuwa na dosari zote za mashine iliyokatikiwa umeme.

Shida inaanza pale ambapo mashine haiwezi kuzimwa. Diski ya GB 80 ikipita kwenye mtandao wa gigabiti moja huchukua kama dakika 12. Ukianza saa tano kamili usiku, mwanzo wa faili utakuwa wa saa tano na mwisho wake wa saa tano na dakika 12. Katikati hapo kanzidata imeandika malipo mapya: jedwali ni la wakati mmoja, faharasa yake (orodha ya kutafutia) ni ya wakati mwingine. Ni kama kuhesabu mbuzi huku wengine wanatoka zizini na wengine wanaingia. Faili litaonekana zima, ukubwa wake sahihi, na kosa litajitokeza siku ya kurejesha.

Dawa yake ni kuisimamisha diski kwanza kwa snapshoti:

virsh snapshot-create-as malipo usiku --disk-only --atomic --quiesce --no-metadata

Kuanzia hapo maandishi mapya yote yanaingia kwenye faili jipya la pembeni, na diski ya asili inatulia. Inakili kwa nafasi. Ukimaliza, virsh blockcommit malipo vda --active --pivot inarudisha yale mapya kwenye diski ya asili (vda ni jina uliloliona kwenye domblklist), kisha unalifuta faili la pembeni. Neno --quiesce linaitaka mashine imwage kwenye diski data iliyokuwa kwenye memori ikisubiri kuandikwa kabla snapshoti haijachukuliwa, na halifanyi kazi bila programu ndogo ya qemu-guest-agent kusakinishwa ndani ya mashine yenyewe.

Hatua ya blockcommit ndiyo inayosahaulika. Faili la pembeni linaendelea kunenepa kimyakimya, wiki baada ya wiki, mpaka diski ya seva inajaa na mashine zote zinakwama. Na wapo wanaoiacha snapshoti ilivyo wakiamini wana nakala rudufu. Hawana. Faili la pembeni linaitegemea diski ya asili, na vyote viwili vimekaa kwenye seva ileile. Diski ikifa, vimekufa pamoja.

Kwa wenye mifumo mingine ya mashine pepe: kwenye Hyper-V ya Windows, amri ya Export-VM inatoa mashine nzima hata ikiwa inafanya kazi, tangu Windows Server 2012 R2. VirtualBox ina VBoxManage export, ila mashine izimwe kwanza. Proxmox imekuja na vzdump, inayokufanyia karibu yote niliyoeleza hapo juu.

Kwa maoni yangu, ofisi ndogo haihitaji kunakili mashine nzima kila usiku. Nakili mashine nzima mara moja kwa wiki, na kila usiku toa kanzidata peke yake kutoka ndani, kwa mysqldump --single-transaction (kwa MySQL) au pg_dump (kwa PostgreSQL). Faili linalotoka mara nyingi ni dogo kiasi cha kupita hata kwenye intaneti ya kusuasua.

Nakala zisikae kwenye folda ambayo seva inaweza kuiandikia muda wote. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia huitafuta folda hiyo mapema. Ni afadhali kompyuta ya pili ije kuzichukua kwa rsync (zana ya kunakili mafaili) kupitia ssh (muunganisho salama), huku seva yenyewe ikiwa haina neno la siri la kompyuta hiyo. Nakala nyingine iwe kwenye diski ya nje inayotoka nje ya jengo. Diski hiyo ifungwe kwa LUKS (usimbaji wa diski wa Linux), maana imebeba mishahara au majalada ya wagonjwa, na kwa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama diski imeibwa kwenye daladala.

Halafu rejesheni kweli. Chukueni kompyuta nyingine, pitisheni qemu-img check kwenye diski kuikagua, isajilini mashine kwa virsh define na lile faili la maelezo, na kabla ya kuwasha ondoeni kadi ya mtandao. Mkiiacha, mashine ya majaribio itaamka na anwani ileile ya IP na kugombana na ile inayohudumia wateja. Ikiwaka, ingieni kwenye mfumo mtafute muamala wa mwisho wa siku ile. Pimeni pia kazi nzima imechukua saa ngapi, na mmwambie mkurugenzi sasa, kabla hajauliza akiwa na foleni ya wateja mlangoni.